Kwa Rehema, kuhusu yule mzee wa wodini

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi. Mama hajambo? Habari ya mzee wako imenikaa kichwani. Kaanguka kifudifudi, eksirei haionyeshi mvunjiko, anatembea japo kwa kuyumba, lakini mikono haishiki hata kijiko. Tena wenzako wanasema anajifanyisha! Hajifanyishi.

Eksirei hupigwa mifupa ikiwa imeshatulia. Ugwe wa mgongo, yaani ile kamba ya neva inayopita ndani ya uti wa mgongo, huumia ndani ya milisekunde chache, pingili za mifupa zinaposogea na pengine kurudi mahali pake. Waliowahi kuvunja pingili za maiti maabara huku wakipima mfereji unamopita ugwe waliona kwamba hubanwa zaidi wakati wa pigo kuliko unavyoonekana baadaye. Sisi wahandisi tunaufuata huo muda uliopotea kwa kompyuta. Tunachora pingili saba za shingo, diski, kano, ugwe na maji yanayouzunguka, kisha tunaigawa modeli vipande vidogo maelfu kwa maelfu. Kila kipande kinapewa ugumu wake, na kompyuta inakokotoa kimevutika au kimebanwa kiasi gani.

Mwaka 2008 Greaves na wenzake wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walilinganisha kwa modeli kama hiyo njia tatu za kuumia: ugwe kugongwa, pingili kuteleza juu ya mwenzake, na shingo kuvutwa kwa urefu. Kila njia iliumiza ugwe kwa namna yake. Kijana aliyepiga mbizi kwenye kina kifupi, kichwa kikagota mchangani na kiwiliwili bado kinashuka, si sawa na abiria aliyerushwa garini, ingawa faili zote mbili zitaandikwa "jeraha la shingo".

Mzee wako nadhani mfereji wake ulishakuwa mwembamba kwa umri. Uso ukagonga chini, shingo ikapinda nyuma, kano zikajikunja kwa ndani, ugwe ukabinywa mbele na nyuma, mfupa haukuguswa. Mikono kulemaa kuliko miguu ni jambo Schneider na wenzake walilieleza tangu 1954, kabla wahandisi hatujawa na kompyuta hizi.

Usiziamini sana picha za rangi zinazotoka kwenye modeli zetu, lakini. Ugwe ukivutwa haraka hukakamaa kuliko ukivutwa polepole, na tishu hubadilika baada ya kifo, ilhali vipimo vingi tunavyotumia vimetoka kwa wanyama na maiti.

Kama hajapigwa MRI, ile picha inayoonyesha ugwe wenyewe, wabane madaktari apigwe. Na kola ya shingo wasimvue kwa sababu tu eksirei ni safi. Niandikie watakachokuta.

Wako,
Saida