Bomba la huku nalo lilisimamishwa na kindege

Edmonton, Alberta, Kanada
22 Juni 2025

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Habari za Mabokweni, na goti linasemaje? Mimi mzima, ila macho yananiwasha. Misitu ya kaskazini inaungua tangu mwezi uliopita, na kuna siku anga linakuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Ama baada ya salamu. Siku ile uliniuliza swali kwenye simu, mtandao ukakatika kabla sijajibu. Ulisema: hao wenzetu wenye mafuta yao, bomba walilijengaje wao, mbona letu la EACOP, la kuleta mafuta ya Uganda mpaka Tanga, halikauki maneno? Nimeona ujumbe wa sauti hautatosha, nimekaa chini kuandika. Binti yako akusomee, maana najua miwani bado ina mkono mmoja.

Nianze na mpira, maana usipousikia hutasikiliza mengine. Tumefungwa. Jumanne iliyopita, fainali ya hoki ya barafu, Oilers wetu wamekula 5 kwa 1 kutoka kwa Panthers wa Florida. Florida, Mjomba, mahali ambapo barafu wanaijua kwenye glasi. Mwaka jana ilikuwa haohao, ikafika mechi ya 7, ya mwisho kabisa ya fainali, tukafungwa 2 kwa 1. Kombe la mwisho hapa lilikuja 1990. Sasa sikia hili: mwaka 1988, Coastal Union walipochukua ubingwa wa Bara, Oilers nao walichukua kombe lao. Nilipomweleza mzee mmoja hapa kazini alicheka mpaka nikamshikia kikombe. Akasema basi wewe na yeye ni ndugu wa msiba.

Mzee huyo ndiye mwalimu wangu wa bomba. Unajua nahudumia wazee. Yeye maisha yake yote alikuwa anachomelea mabomba ya mafuta, mikono imejaa alama za cheche kama mtu aliyemwagiwa pilipili manga. Meza ya jirani yuko bibi mmoja aliyeishi Burnaby, pwani ya Pasifiki, ambako bomba linaishia. Hoki ina vipindi vitatu, kwa hiyo mapumziko ni mawili, na mapumziko yote mawili hao wanabishana bomba. Mimi nipo katikati na sahani ya uji.

Bomba lenyewe ni Trans Mountain. La zamani lilianza kazi 1953, linatoka hapa Edmonton, linavuka milima ya Rocky, linashukia Burnaby. Kampuni ya Kinder Morgan ya kule Texas ikataka kulaza la pili, mafuta yapande kutoka mapipa 300,000 kwa siku hadi 890,000. Njia yake ni kilomita 1,150 hivi. Nilipoona hiyo namba nikashtuka, maana kipande chetu cha EACOP, kuanzia mpakani na Uganda mpaka Chongoleani hapo jirani yako, ni kilomita 1,147. Ni kama umelichukua bomba letu ukalilaza kwenye theluji.

Na shida ya mafuta yenyewe inafanana. Ya huku ni lami iliyoshikana na mchanga, kutoka Fort McMurray. Asubuhi moja mzee aliagiza chupa ya asali ya miti, ile wanayomwagia chapati zao nene, ikatoka kwenye friji. Akaipindua juu ya sahani. Tukangoja. Halikudondoka tone. Akasema, "Hapa kuna njia mbili: uichemshe, au uitie maji. Ninyi mnachemsha, sisi tunatia maji." Maji yake ni mafuta mepesi, wanayachanganya na ile lami ndipo itembee. Ya Uganda yana nta, yanaganda kama mafuta ya nazi asubuhi ya Lushoto. Ndiyo maana mabomba yale yanavalishwa koti kule Sojo, Nzega, na yatapashwa moto njia nzima, yabaki kwenye nyuzi 50. Ukiyaona manene kuliko bomba la maji ujue ni hilo koti.

Sasa ugomvi. Usidhani huku mambo yalikwenda kwa adabu. Serikali kuu ya Ottawa ilitoa kibali 2016. Jimbo la British Columbia, lenye bahari, likasema halitaki meli za mafuta zijazane pwani yake. Alberta, yenye mafuta, ikakasirika. Unajua waziri mkuu wa Alberta wakati ule, Rachel Notley, alifanya nini? Februari 2018 alipiga marufuku mvinyo wa British Columbia usiingie jimboni. Mvinyo, Mjomba! Wiki mbili hivi jimbo zima halikununua chupa mpya kutoka kwa jirani, kisa bomba. Na viongozi wa majimbo yote mawili walikuwa wa chama kimoja. Ni kama Tanga ikatae mchele wa Mbeya kwa sababu wamebishana reli.

Kinder Morgan wakaona hawa hawana mwisho, wakatishia kuacha. Mei 2018 serikali kuu ikatangaza kulinunua bomba la zamani na mradi wote kwa dola bilioni 4.5 za huku. Tarehe 30 Agosti wanahisa wa Kinder Morgan wakapiga kura kukubali kuuza, na asubuhi hiyohiyo mahakama ya rufaa ikafuta kibali. Yaani wenye mali wamepokea fedha, na mnunuzi kaachiwa shimo. Mzee akifika hapo hugonga meza kwa kijiko.

Sababu za mahakama ndizo nilitaka uzisikie. Moja, mdhibiti hakupima madhara ya meli baharini, na huko kuna nyangumi waliobaki wachache sana. Ya pili ni wenyeji wa asili, wale waliokuwepo kabla Wazungu hawajafika. Sheria inataka washauriwe. Serikali ilikwenda, lakini mahakama ikaona waliotumwa walikuwa wanaandika tu kwenye daftari, hawakuwa na uwezo wa kujibu wala kubadilisha chochote. Kumsikiliza mtu bila kumjibu hakukuhesabiwa kuwa ni kumshauri. Nilisoma mara mbili, nikaukumbuka mkutano fulani pale kwetu nilipokuwa mdogo, mgeni akaandika ukurasa mzima, akafunga kalamu, akala wali akaondoka.

Wakarudi, wakakaa upya na wenyeji, kibali kipya kikatoka Juni 2019. Usifikiri wote walipinga. Wako wenyeji waliosaini mikataba ya manufaa, na wako wanaotaka kununua hisa za bomba lenyewe. Bibi anapenda kuruka sehemu hiyo, mzee humrudisha.

Halafu ndege. Aprili 2021, kule Burnaby, wakati wanakata miti kupitisha bomba, watu wakaona viota vya kindege kidogo kama chozi wetu yule anayenyonya maua ya mgomba. Wakatoa taarifa, mamlaka ya mazingira ikasimamisha kazi kwenye kipande hicho miezi minne, mpaka makinda yaruke. Bibi huisimulia kama mtu anayesifu mjukuu. Mzee hasemi kitu, anaangalia dari.

Bomba likafunguliwa 1 Mei 2024. Makadirio ya 2013 yalikuwa dola bilioni 5.4, limemalizika kwa takriban bilioni 34, na mwenye deni ni serikali, maana yake ni mimi pia kwenye kodi yangu. Mzee anasema ni korti na ndege. Mimi nilipoangalia naona pia milima, mafuriko ya 2021, corona na bei ya chuma, kwa hiyo kindege kimesingiziwa. Lakini faida ipo. Zamani karibu mafuta yote yalikwenda Marekani, na mwenye mteja mmoja hupangiwa bei: mwishoni mwa 2018 pipa la huku liliwahi kuuzwa dola 40 na zaidi chini ya bei ya Wamarekani. Sasa meli zinafika China, na pengo limepungua.

Siasa bado ya moto. Uchaguzi wa Aprili ameshinda Mark Carney, waziri mkuu wa nchi, ila Alberta karibu viti vyote wamewapa wapinzani, na kuna minong'ono ya kujitenga. Ijumaa wabunge wamepitisha muswada wa kuharakisha miradi mikubwa. Mzee amefurahi. Bibi kasema wanaharakisha tena kabla hawajajifunza kusikiliza.

Mafuta ya gari nayo yatakuchekesha. Nyie mnasubiri Ewura, wadhibiti wa nishati, watangaze Jumatano ya kwanza ya mwezi. Huku kituo kilicho karibu na kazini kinabadilisha bei asubuhi na jioni, hakuna wa kumwuliza. Aprili ilishuka ghafla, kwa sababu walifuta kodi ya hewa ya ukaa kwa watumiaji, senti 17.6 kwa lita. Nimejaza tangi kwa raha siku hiyo moja.

Jezi ya Oilers nimempa mtu anayekuja Dar mwezi wa nane. Namba 97, ya mchezaji wao McDavid, kubwa kidogo, utavalia juu ya shati ukienda uwanja wa Mkwakwani. Pamoja nayo kuna dawa ya kuchua goti na miwani, miwili, yenye mikono yote. Ukipata nafasi mwambie binti akupige picha ukiwa ufukweni, gati la Chongoleani lionekane nyuma. Mzee anaitaka aibandike ukutani. Ameniuliza mara tatu kama bahari yenu huganda.

Msalimie Shangazi na wote wa barazani.

Mpwa wako