Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya ya Ngorongoro: Korongo la Engare Sero lipate walinzi wa maji

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Yah: Usalama wa wageni kwenye maporomoko ya Engare Sero

Wageni hufika bondeni kwetu kwa ajili ya Ol Doinyo Lengai na heroe wa Ziwa Natron. Hata wasiouweza mlima huishia korongoni, maana joto la huku ni kali na maji yale ni baridi.

Njia ya maporomoko haipiti kando ya mto tu. Mara kadhaa unaingia majini, na kuta zimesimama kulia na kushoto. Mvua ikinyesha nyanda za juu, maji hushuka kwa nguvu huku kijijini jua linawaka. Kwa hiyo anayetazama mawingu hudanganyika. Dalili zimo majini. Yakigeuka tope, yakileta vijiti na majani makavu kwa wingi, au ukisikia mngurumo kutoka juu, panda ukingo wa upande uliopo. Usivuke kufuata begi, wala usikimbie kufuata mkondo, kwani maji yatakukuta.

Tunaomba miezi ya masika, Machi hadi Mei, na wakati wa vuli, wawekwe walinzi wawili sehemu ya juu ya korongo wakiwa na redio za mkononi. Simu pekee haitoshi, kuta zile huziba mtandao. Kila mwongozaji awe na filimbi: milio mitatu mirefu maana yake pandeni.

Kwenye kivuko cha kwanza, jiwe lipakwe rangi, alama kila sentimita 10. Maji yakifika sentimita 50, karibu na goti la mtu mzima, safari zisimame. Goti huonekana si kitu, ila mkondo wa kasi hupiga mguu na mawe ya chini yanateleza. Sehemu za kupandia nazo zipakwe rangi tofauti.

Daftari la kuingia na kutoka liwepo, na kandambili zizuiwe: zinachukuliwa na maji, kisha mwenyewe anazifukuza. Katambuga zilizofungwa vizuri zinafaa.

Rangi, filimbi na daftari ni gharama ndogo. Posho ya walinzi itengwe katika ada za wageni, kabla ya kufikiria kibao kingine cha "Karibu". Wewe ni mwenyekiti wa kamati ya usalama ya wilaya. Tunaomba jambo hili liingie kwenye ajenda kabla ya masika.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Waongoza watalii, Engare Sero