Maji ya Makutapora na mafuriko ya Kilosa

Dodoma

Kwa rafiki yangu Mwalimu,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Sisi huku hatujambo. Barua yako imenifikia, na swali uliloliweka mwishoni si la kujibiwa kwa simu. Umeuliza kwa nini yasijengwe mabwawa huku juu, yakazuia maji yote ya mvua kubwa kabla hayajateremka kuwaangamiza ninyi wa Kilosa. Kisha ukatania kwamba watu wa maji wa Dodoma tunalia ukame huku tukiwatumia wenzetu mafuriko. Utani huo umegusa penyewe, kwa hiyo nivumilie nikijibu kirefu.

Wewe unafundisha jiografia, huna haja ya kuelezwa kwamba mto Kinyasungwe wa huku kwetu huungana na Mkondoa unaopita Kilosa, na kwamba maji hayo huingia Wami hadi Bahari ya Hindi. Huku kwetu, hata hivyo, mgeni hawezi kuutambua mto. Kinyasungwe Ndogo, unaopita katika bonde la Makutapora kaskazini mwa jiji, kwa sehemu kubwa ya mwaka ni korongo la mchanga mkavu ambalo wafugaji hulifukua kutafuta maji ya mifugo. Chini ya bonde hilo ndiko vilikochimbwa visima virefu vilivyoilisha Dodoma kwa miongo mingi, tangu ilipokuwa mji mdogo wa reli, kupitia uamuzi wa 1973 wa kuifanya makao makuu, hadi serikali ilipoanza kuhamia kwa kishindo mwaka 2016. Bwawa la Hombolo, lililojengwa mwaka 1957, lina maji ya chumvi na limepungukiwa na kina kwa sababu ya tope, na ndiyo maana mji umeendelea kutegemea kilicho ardhini.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba Makutapora ina hazina isiyopatikana kwa urahisi katika nchi kame za tropiki: kumbukumbu za vipimo vya kina cha maji visimani tangu mwaka 1955. Watumishi wa idara ya maji, kizazi baada ya kizazi, waliendelea kushusha kamba ya kupimia na kuandika tarakimu katika daftari, pengine bila kujua nani atazisoma. Mwaka 2013 Richard Taylor wa University College London pamoja na wenzake, akiwemo Lister Kongola wa Wizara ya Maji, walichapisha mfululizo wa miaka 55 wa vipimo hivyo, na mchoro wake ndio ambao ningependa wanafunzi wako wauone. Mstari unashuka polepole mwaka baada ya mwaka, hata katika miaka ambayo wakulima waliita ya neema, halafu ghafla unapanda katika msimu mmoja na kuanza kushuka upya. Msimu wa El Niño wa 1997/98 peke yake ulileta karibu asilimia 20 ya maji yote yaliyoingia ardhini katika kipindi hicho chote. Kisima cha Makutapora kinaishi kama mstaafu aliyelipwa kiinua mgongo mara moja: anachokula leo kiliingia zamani, na hajui kingine kitaingia lini.

Sababu yake inaeleweka ukiutazama udongo. Dodoma hupata wastani wa milimita 550 hivi za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Novemba na Aprili, ilhali jua na upepo vingeweza kukausha zaidi ya mara tatu ya kiasi hicho. Mvua ya kawaida, basi, huloweka udongo wa juu, hunyonywa na mizizi ya mimea na kurudi hewani bila kufika popote. Zaidi ya hapo, sehemu kubwa ya bonde imefunikwa na udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi na kuvimba ukilowa hadi nyufa zote zikazibana, na chini yake ndipo ulipo mwamba wa itale uliooza na kulegea, ambao ndio unaohifadhi maji. Utafiti wa baadaye katika bonde hilohilo umeonyesha kwamba mlango mkuu wa kuingilia ni makorongo yenyewe, pale mchanga mnene unaporuhusu maji kuzama, na kwamba muda ambao korongo linatiririka una uzito kuliko mtu anavyodhani. Mto ukifurika saa chache na kupita, visima havipati kitu cha kutajika. Ukitiririka kwa majuma, kina hupanda.

Sasa nirudi kwenye mabwawa yako. Ukijenga bwawa kubwa juu ya Makutapora ili kuyafungia maji ya mvua kali, tope laini litatuama na kuziba sakafu ya bwawa, maji yatakaa juani yakipungua kila siku, na mchanga wa korongo upande wa chini utabaki mkavu katika ule msimu mmoja uliokuwa ukisubiriwa kwa miaka. Mngepunguziwa mafuriko kidogo, na nasema kidogo kwa sababu milima ya Rubeho na Ukaguru inayowazunguka inawateremshia maji yake bila kutuomba ruhusa. Sisi tungepoteza kisima. Sikusudii kuyafanya madogo yaliyowapata mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, wakati maelfu ya watu walipoachwa bila makazi na reli ya kati ikasombwa kati ya Kilosa na Gulwe. Ninachosema ni kwamba mvua inayoleta msiba huko na ile inayojaza visima huku mara nyingi ni ya msimu mmoja, yenye chanzo kimoja katika joto la Pasifiki na la Bahari ya Hindi upande wetu, na mtu anayepanga bonde hili kwa kuangalia ncha moja tu atamwumiza wa ncha nyingine.

Mimi ningependelea kuchelewesha maji kuliko kuyafunga. Vizuizi vifupi ndani ya makorongo, au bwawa ambalo halikusudiwi kukaa limejaa bali kuachia maji taratibu kwa majuma, vingerefusha mtiririko juu ya mchanga, vikavinufaisha visima na wakati huohuo kupunguza kilele cha gharika inayowafikia. Haitakuwa rahisi, kwa kuwa tope la nchi hii hujaza kila kitu kinachojengwa mtoni, na bila kutunza miteremko ya juu tutakuwa na kina Hombolo wengine. Kinachoniudhi zaidi, hata hivyo, ni malori. Jiji linajengwa kila upande, nyumba zinahitaji mchanga, na mchanga unachotwa kwenye makorongo, wakati mwingine hadi udongo wa mfinyanzi ukajitokeza. Kila lori linaloondoka limebeba sehemu ya ule mlango wa maji niliokueleza, na sheria ya rasilimali za maji ya mwaka 2009 inazipa bodi za maji za mabonde kazi ya kulinda vyanzo, lakini wengi bado hawahesabu korongo kavu kuwa chanzo cha maji.

Kuna pia suala la kiasi tunachovuta. Mipango hupenda wastani: jumla ya miaka igawanywe, upatikane ujazo wa kila mwaka. Kwa Makutapora wastani huo ni hatari, kwa sababu hakuna mwaka unaofanana nao. Swali linalofaa ni kina kitashuka kiasi gani iwapo El Niño inayofuata itachelewa kwa miaka kumi, na pampu zitafika wapi wakati huo.

Nina ombi moja. Kama shule yenu ina kipimo cha mvua, waweke wanafunzi wa kidato cha pili zamu ya kukisoma kila siku saa tatu asubuhi, na wakati wa mvua waandike pia urefu wa maji kwenye nguzo ya daraja la karibu, mradi wasikaribie ukingo. Nikipata nakala ya daftari hilo nitalilinganisha na vipimo vya huku, nami nitakutumia ule mchoro wa miaka 55 uubandike darasani. Nieleze pia kama tuta la mto upande wenu limekwisha kukarabatiwa, maana katika barua yako hukulitaja.

Ni mimi rafiki yako,
wa Dodoma