Mkifika Majnu ka Tilla, msiishie kwenye foleni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nichangie makala yenu ya safari ya wiki iliyopita, ile iliyowashauri wasomaji wanaopita Delhi wafike Majnu ka Tilla, mtaa wa Watibeti, wakale. Ushauri mzuri. Ila mwandishi wenu ametaja mgahawa mmoja tu, ule ule anaoutaja kila mtu, ambao Jumapili mchana foleni yake inashuka ngazi hadi uchochoroni na watu wanaandikisha majina mlangoni kama wanaomsubiri daktari. Nimewahi kusimama pale saa nzima na robo, na nilichokuja kula ni chapati za maji zilizomwagiwa asali, pamoja na kahawa. Tamu, sikatai. Lakini chakula cha Kitibeti kiko wapi hapo?

Mimi ni binti wa Tanga, nasoma Kampasi ya Kaskazini ya Chuo Kikuu cha Delhi, mwaka wa 3 sasa. Kutoka hosteli yetu ni kupanda bajaji ya umeme tu. Anayetoka mbali ashuke stesheni ya metro ya Vidhan Sabha. Kwenye makaratasi mtaa unaitwa New Aruna Nagar, ukimwambia dereva hivyo atakukodolea macho. Jina linalotumika lilikuwepo kabla ya Watibeti. Inasimuliwa kwamba Majnu alikuwa mcha Mungu aliyevusha watu mto Yamuna bure, akakutana na Guru Nanak, mwanzilishi wa dini ya Masingasinga, na hekalu la Masingasinga liko jirani hadi leo. Watibeti walikuja baada ya 1959, Dalai Lama, kiongozi wao wa dini, alipokimbilia India. Sasa wamebanana kati ya barabara kuu na mto, ghorofa juu ya ghorofa, na vichochoro ni vyembamba hivi kwamba mkikutana wawili wenye mizigo, mmoja lazima ajibanze ukutani. Chakula chenyewe kimejificha humo.

Mimi nilikipata kwa kufuata mabibi. Katikati ya mtaa kuna hekalu la Kibudha na kiwanja kidogo, na asubuhi wazee hulizunguka wakivuta tasbihi. Wakimaliza, hawaendi kupanga foleni. Siku moja niliwafuata wawili, nikawaona wanainama kuingia kwenye mlango ambao nilishaupita mara nyingi nikidhani ni stoo ya mtu. Ndani kuna meza 4, picha ya Dalai Lama iliyofungwa kitambaa cheupe, na mama anakanda unga. Menyu hakuna, ukiuliza kuna nini, unatajiwa kilichopo.

Siku hiyo kilichopo kilikuwa thenthuk, supu ya vipande vya unga. "Then" maana yake kuvuta, na ndivyo inavyopikwa. Mama ananing'iniza utepe wa unga kwenye mkono wa kushoto, anaubana na kuuvuta kwa kidole gumba, anachuna kipande, anakitupa kwenye mchuzi unaochemka, chap chap chap, hatazami hata sufuria, maana yuko katikati ya umbea na mabibi. Vipande havilingani. Kimoja kinene kinataka meno, kingine kimelainika kinateleza chenyewe kooni. Humo mna figili, mchicha na mchuzi wa mifupa, basi. Nimeila thenthuk hiyo hiyo kwenye migahawa ya mbele yenye taa nzuri: vipande vyote saizi moja, vimekatwa kwa kisu. Si ile.

Nikaletewa na chai ya siagi na chumvi. Nilitafuta sukari mezani kwa macho, bibi mwenye fimbo akaniona, akacheka mpaka akakohoa. Yeye ndiye aliyenifundisha adabu ya kuita watu: mama ni ama-la, bibi ni momo-la, hiyo "la" ndiyo heshima yenyewe. Na momo ndiyo maandazi yao ya mvuke yenye nyama ndani, kwa hiyo masikio yangu hayakuona tofauti ya kuagiza chakula na kumwita bibi. Babu ni popo-la. Sikuthubutu kuwaeleza kwetu popo ni nani.

Kitu cha pili ambacho mwandishi wenu amekipita ni laphing, na hiki hakihitaji kiti wala meza. Wanaouza ni akina mama wa uchochoroni, mama ntilie hasa, wenye kameza kadogo na makopo. Ziko aina mbili. Ile nyeupe asili yake ni wanga wa choroko. Ndiyo, choroko hizi hizi tunazozipika na nazi! Wanga unapikwa, unaachwa ugande, unakuwa mlaini wa kutetemeka. Ile ya njano ni ya wanga wa ngano: mama anatandaza kitandiko chembamba kama chapati ya mofa iliyolowa, anapaka pilipili nyekundu ya mafuta, anamwagia maji ya kitunguu saumu, soya na siki, anakunja kama jamvi, anakatakata. Inaliwa baridi. Nililipa rupia 60 na machozi juu, nikarudia kesho yake.

Kwa Waislamu wenzangu: ulizeni. Ng'ombe hachinjwi Delhi kwa sheria, hivyo inayoitwa nyama ya ng'ombe ni ya nyati wa kufugwa, lakini kitimoto kipo tele, na mara nyingi sufuria ya mvuke ni moja. Mimi nasema mapema, ama-la ananitengea sufuria, naletewa momo za viazi na kabichi, au tingmo, mkate wa mvuke uliokunjwa tabaka tabaka, na mboga za pilipili. Jumatano ni nafuu zaidi, wengi hawali nyama siku hiyo kwa kumheshimu Dalai Lama.

Basi akirudi mwandishi wenu, aende saa 4 asubuhi. Jioni haifai: uchochoro umejaa mabegi ya wanaosubiri mabasi ya usiku ya kwenda Dharamshala na wapishi hawana muda na mtu. Apite hekalu, aache maduka ya shanga na jaketi, atafute mlango wa kuinama. Jina la mgahawa ningelitaja hapa, ila nilipomuuliza ama-la mgahawa wake unaitwaje, alifuta mikono kwenye aproni, akamgeukia bibi mwenye fimbo, na wote wawili wakaanza kubishana.

Wako msomaji,
Mwanafunzi Mtanzania, Delhi