Vyuo viache kudai filamu ndefu kwa wanafunzi wa uhuishaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo kila mwaka huwavunja moyo vijana wenye vipaji, nalo ni sharti ambalo baadhi ya vyuo vinavyofundisha uhuishaji, yaani utengenezaji wa filamu za katuni, huwawekea wanafunzi wa mwaka wa mwisho, kwamba filamu ya kuhitimu isipungue dakika tano, na kwingine hata dakika nane. Nimefanya kazi ya uhuishaji kwa miaka 14, na katika miaka sita ya karibuni nimekuwa miongoni mwa wanaokaa kutazama kazi za vijana wanaoomba ajira katika studio. Naamini kwa dhati kwamba sharti hilo linawaumiza, na naomba liondolewe.

Msomaji asiye wa fani hii huenda akajiuliza kwani dakika tano ni kitu gani. Filamu huonyeshwa kwa fremu, yaani picha mojamoja, 24 kila sekunde. Anayechora kwa mkono huweza kuupunguza mzigo kwa kuacha kila mchoro ukae fremu mbili, njia ambayo sisi huiita kuchora kwa mbili, na hivyo akahitaji michoro 12 kwa sekunde. Dakika moja ni michoro 720, na dakika tano ni michoro 3,600. Ni kweli kwamba mhusika hatembei kila sekunde, na zipo nafasi ambazo mchoro mmoja hutulia kwa muda, lakini hata ukiondoa theluthi nzima, zinabaki karatasi 2,400. Mwanafunzi anayemaliza michoro 20 kwa siku, iliyosafishwa na kupakwa rangi, ambayo ni kasi nzuri kwa mtu ambaye bado ana vipindi vya darasani, atahitaji siku 120 bila kupumzika hata moja, na hapo sijagusa mandhari, sauti wala uhariri. Anayetumia kompyuta kutengeneza maumbo ya pande tatu naye hana nafuu. Dakika tano kwake ni fremu 7,200, na ikiwa mashine yake huchukua dakika kumi kuchakata kila fremu hadi iwe picha kamili, basi itafanya kazi saa 1,200, yaani siku 50 usiku na mchana, na akigundua katikati kwamba taa ya chumba iliwekwa vibaya, fremu zote za chumba hicho zitarudiwa. Filamu ya sekunde 90 ingeichukua mashine hiyohiyo siku 15.

Mimi mwenyewe nilitumbukia katika shimo hilo. Filamu yangu ya kuhitimu ilipangwa kuwa ya dakika nane, na ilimhusu mzee fundi saa ambaye macho yake yanafifia. Storibodi yake, yaani michoro inayoonyesha hadithi onyesho kwa onyesho, ilijaa ukuta mzima, na mkufunzi wangu, mtu mwema ambaye namheshimu hadi leo, alinikataza kupunguza hata onyesho moja kwa kuwa kanuni ya chuo ilitaka urefu ule. Siku ya maonyesho dakika tatu za mwanzo zilikuwa na rangi, mbili zilizofuata zilikuwa michoro ya penseli, na zilizobaki zilikuwa picha za storibodi zikipita moja baada ya nyingine huku muziki ukiendelea. Nilifaulu mtihani. Lakini nilipoipeleka filamu ile kwenye studio, mwaka mzima ulipita bila jibu hata moja, na sasa ninapokaa upande wa pili wa meza naelewa sababu: huwezi kumpima mhuishaji kwa kazi ambayo nusu yake ni ahadi.

Kazi iliyonipatia ajira ilikuwa ya sekunde 40, niliyoitengeneza baadaye nikiwa peke yangu. Msichana amechoka na anataka kuketi, na juu ya kiti amelala paka. Hakuna mazungumzo, na mandhari ni ukuta mmoja tu. Msichana anashuka bila kutazama nyuma, mkono wake wa kulia ukitangulia kukitafuta kiti, na vidole vinagusa manyoya. Hapo anaganda katikati ya safari, magoti yamekunjwa, uzito wote umeshikwa na mapaja, kiwiliwili kimeinama mbele ili asianguke kinyumenyume. Kwa fremu 16 hafanyi lolote isipokuwa macho yake kuhama upande. Kisha anainuka, lakini kabla ya kuinuka anazama kidogo zaidi, kwa sababu mwili wa binadamu haupandi bila kwanza kujikusanya. Kipande hicho, ambacho hakifiki sekunde tatu, nilikichora upya mara 11. Aliyenifanyia usaili alikirudisha nyuma mara kadhaa, akaniuliza nilijifunzia wapi kuchora uzito, nami nikamweleza ukweli kwamba nilishinda jioni nzima mbele ya kioo nikishuka na kuinuka mpaka mapaja yakauma.

Muda wa kurudia mara 11 ndio hasa unaoporwa na sharti la dakika tano. Frank Thomas na Ollie Johnston, wahuishaji wa Disney, walipochapisha mwaka 1981 kanuni 12 za uhuishaji, walizungumzia mwili kujiandaa kabla ya tendo, mwendo kufuata mkunjo wa tao, kasi, utiaji chumvi, uchoraji thabiti na mvuto wa mhusika. Hakuna hata kanuni moja kati ya hizo inayogusa urefu wa filamu, na zote huonekana, au hukosekana, ndani ya sekunde kumi.

Nafahamu hoja inayotolewa na wanaolitetea sharti hili. Husema kwamba kazi kubwa humkomaza kijana, na mara nyingi humtaja Nick Park wa Uingereza, ambaye alianza filamu yake A Grand Day Out mwaka 1982 akiwa mwanafunzi na kuikamilisha mwaka 1989, ikafika hadi kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Mfano huo ni wa kweli, lakini nusu yake husahauliwa. Aliikamilisha kwa sababu studio ya Aardman ilimpa kazi na kumsaidia kuimalizia, na hata hivyo safari ilichukua takriban miaka saba. Ni mwanafunzi gani wa leo mwenye miaka saba ya kusubiri? Mimi ningewaonyesha vijana Luxo Jr. ya mwaka 1986, filamu ya studio ya Pixar yenye urefu wa takriban dakika mbili, ambamo wahusika ni taa mbili za mezani zisizo na uso wala maneno, na ambayo nayo iliteuliwa kuwania Oscar.

Kuhusu vifaa sitasema mengi, kwa kuwa kizuizi hicho kimepungua sana. Programu ya Blender, ya kuhuisha kwa kompyuta, hupatikana bure, na filamu ndefu ya Flow iliyotengenezwa kwa programu hiyo ilishinda Oscar mwaka 2025. Kinachokosekana kwa wanafunzi wengi ninaokutana nao ni utaratibu, na hasa hatua ya animatiki, yaani kuzipanga picha za storibodi kwa muda wake halisi na kuzitia sauti za majaribio kabla ya kuhuisha chochote. Onyesho linalochosha katika animatiki litachosha hata likipakwa rangi zote za dunia, na kulifuta katika hatua hiyo hugharimu dakika chache, ilhali kulifuta baadaye ni kutupa wiki tatu za usiku usio na usingizi. Nimewaona vijana wakiiruka hatua hii kwa haraka ya kufikia urefu unaotakiwa, kisha wakalia mbele ya kompyuta mwezi mmoja kabla ya mtihani. Niliumia kuwatazama, maana nilijua machozi hayo yangeweza kuepukwa.

Upande wa ajira nao unadai ukweli uleule. Anayetazama maombi 60 kwa siku moja hatazami filamu nzima ya mtu. Hutazama video ya sampuli ya dakika moja hivi, na mara nyingi huamua katika sekunde 15 za kwanza, ndiyo maana kipande bora hutangulia na kipande dhaifu hakiingii kabisa. Kama filamu ilitengenezwa na kundi, kila kipande kionyeshe wazi nani alifanya nini: nani alimtia mhusika mifupa ya kompyuta inayomwezesha kusogezwa, nani aliweka taa, nani alihuisha. Nimewahi kupokea kipande kimoja kutoka kwa waombaji wanne tofauti, kila mmoja akikiita chake, na ingawa huenda wote walishiriki, hatukumwita hata mmoja. Tena kijana ajue kwamba kazi ya kwanza ni nadra kuwa ya uongozaji. Atapewa kusafisha michoro ya wengine au kuchora michoro ya kati, inayojaza nafasi baina ya pozi mbili, na humo ndimo atakamojifunza jinsi pozi moja inavyozaa nyingine. Hiyo si dharau kwake, ila afanye kwa mkataba na kwa malipo, wala asikubali kulipwa kwa maneno matupu kwamba atapata kujulikana.

Filamu fupi pia husafiri kwa wepesi. Tamasha la Annecy la Ufaransa, lililoanza mwaka 1960, lina shindano maalumu la filamu za kuhitimu, na matamasha mengine mengi hupokea kazi za wanafunzi. Mpangaji wa ratiba humpatia nafasi mwenye dakika mbili kwa urahisi kuliko mwenye dakika kumi. Wanafunzi waonywe tu mapema kuhusu muziki, maana wimbo uliotumiwa bila ruhusa ya mwenyewe unaweza kuifungia filamu milango hiyo yote.

Ombi langu kwa wakuu wa vyuo ni kwamba kanuni igeuzwe, pawe na kikomo cha juu badala ya kikomo cha chini, tuseme dakika mbili kwa anayefanya kazi peke yake. Animatiki yenye sauti ikaguliwe na kupitishwa kabla mwanafunzi hajaruhusiwa kuanza kuhuisha. Na anayeleta filamu ya sekunde 60 iliyokamilika, yenye sauti na majina ya walioshiriki, asikatwe alama kwa sababu ya ufupi wake. Mkufunzi yeyote anayetaka kulijaribu jambo hili na darasa lake mwaka huu, niko tayari kukaa na wanafunzi wake wakati wa kukagua animatiki, bila malipo.

Wako,
Mhuishaji na msomaji wa siku nyingi