Kwa mwanangu Ramadhani, kabla ya safari ya Juba

Bombo, Uganda

Mwanangu Ramadhani,

Assalaam alaikum. Tangu uliponipigia simu juzi ukaniambia kwamba vidonda vimekauka na kwa hiyo umepona, sijapata usingizi. Kukauka si kupona. Malengelenge ya sehemu za siri, ambayo madaktari huyaita herpesi, huletwa na kirusi ambacho ngozi ikishapoa hurudi kujificha katika mishipa ya fahamu karibu na mwisho wa uti wa mgongo, na humo hukaa maisha yote, kikiibuka tena pengine mwili unapougua au unapochoka. Kinaweza kumwambukiza mwenzako hata siku ambazo huoni kidonda wala huhisi mwasho, na hilo ndilo linalonitia hofu, kwa kuwa mkeo Halima ana mimba ya miezi saba.

Ninajivunia kwamba ulikwenda kupimwa kwa hiari yako, wakati vijana wengi wangekimbilia duka la dawa kununua viuavijasumu, ambavyo haviui kirusi chochote. Lakini kuichukua karatasi ya majibu na kuificha ndani ya lori, hapo ulinivunja moyo. Mwambie mkeo kabla hujaondoka Malaba.

Mwanamke anapoambukizwa kwa mara ya kwanza katika miezi ya mwisho ya mimba, mwili wake unakosa muda wa kutengeneza kinga ya kumrithisha mtoto, na mtoto anaweza kukipata kirusi wakati wa kuzaliwa. Kwa kichanga huo si ugonjwa wa ngozi peke yake. Unaweza kufika kwenye ubongo na kumwua. Kwa hiyo usimwingilie mpaka ajifungue, hata kwa kondomu, maana kondomu hupunguza hatari lakini haifuniki ngozi yote inayobeba kirusi. Mpeleke kliniki ya wajawazito, mkunga aelezwe, ili siku ya uchungu amkague, na vidonda vikionekana madaktari waamue kama atazaa kwa upasuaji. Ikiwa Halima tayari anacho, usithubutu kumwuliza alikitoa wapi, kwa sababu kirusi hiki huweza kunyamaza mwilini miaka mingi, na wewe mwenyewe huna hakika ni lini kilikuingia.

Ulisema kwamba wewe umetahiriwa. Ni kweli kwamba utafiti uliofanywa hapa kwetu Uganda, wilayani Rakai, matokeo yake yakatangazwa mwaka 2009, ulionyesha kuwa tohara iliwapunguzia wanaume maambukizi ya kirusi hiki kwa takriban asilimia 28, lakini wewe umekwisha kuambukizwa, na tohara yako haimkingi Halima. Vidonge vya asaikloviri hufupisha siku za vidonda, na daktari akikuandikia uvimeze kila siku huenda vikapunguza uwezekano wa kuambukiza, bila kuuondoa kabisa. Pima pia virusi vya ukimwi, kwa maana vidonda hivi huvifungulia njia.

Mama yako, Mungu amrehemu, aliugua vidonda kama hivyo miaka mingi. Aliogeshwa majani, akaambiwa amerogwa, akatenga beseni na taulo yake akiogopa kutuambukiza, ilhali ugonjwa huu hupita kwa ngozi kugusana na ngozi, si kwa beseni wala choo. Mtu aliyekuwa na karatasi ya majibu tangu alipokuwa kazini kaskazini alilala naye chumba kimoja, na karatasi ile aliichoma moto jikoni. Sitaki kusema zaidi ya hapo. Mwambie Halima, Ramadhani. Mwambie ukiwa umeketi naye, si kwa simu ukiwa Elegu unasubiri kuvuka mpaka.

Huku nyumbani mihogo tumekwisha kuianika, na Sauda amerudishiwa daftari zake shuleni baada ya kulipa nusu ya karo. Fundi amekuja mara mbili kuuliza habari za bati za jiko, nami nimemjibu asubiri. Fedha ulizokusudia kunitumia mwezi huu usizitume. Zibaki kwa nauli ya mkeo ya kwenda kliniki na kwa dawa zako. Jiko litavuja mwezi mmoja zaidi. Ukipita Bombo na lori, simama hata kwa dakika kumi, uniambie Halima alikujibu nini.

Baba yako