Kwa Mbarouk: gari jipya lililolala yadini

Columbus, Ohio
14 Desemba 2024

Swahiba Mbarouk,

Assalaam aleikum. Sisi huku wazima, baridi tu ndiyo inatunyanyasa. Hofu ni kwako, kwa mama watoto na kwa Bi Mkubwa. Mguu wake umepata nafuu?

Naingia kwenye jambo moja kwa moja. Zuhura kakwambia nimenunua gari jipya, wewe ukamwambia Hamza, na jana Hamza kaniletea ujumbe wa pongezi wenye ombi la laki tano ndani yake. Sijanunua gari, bwana. Nimeliona, nimeliendesha, nimeliwaza mpaka usingizi ukanikatika, lakini funguo sina. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu utaniambia "nunua Toyota" halafu ukate.

Gari lenyewe ni jipya, ila limelala. Jina lake silitaji humu, utaanza kutukana. Ni modeli ya 2023, halijawahi kuwa na mwenyewe, lina maili 41, na viti vya nyuma bado viko kwenye nailoni. Pembeni yake yamepangwa ya 2025. Herufi ya kumi kwenye namba ya chesisi ni P, yaani 2023; ya majirani zake ni S. Kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinasema lilitengenezwa mwezi wa tatu 2023. Matairi nayo yanasoma 0823, wiki ya nane ya mwaka huohuo. Hiyo nilipiga goti kwenye theluji kuisoma, muuzaji kasimama na kahawa yake ananiangalia bila kusema kitu. Nadhani ndipo alipojua kwamba mimi nina rafiki fundi.

Huko kwetu mtu anashusha IST ya 2004 kutoka Japani, likishafungwa namba E mtaa mzima unajua fulani kanunua gari jipya. Huku hakuna anayeuliza limesajiliwa lini, wanahesabu modeli. Kwa hiyo Januari ikiingia gari hili litahesabiwa miaka miwili, wakati hata sokoni sijafika nalo.

Kwenye ile karatasi ya dirishani, ambayo sheria ya 1958 inawalazimisha waibandike, bei ni dola 33,400. Walishusha hadi 27,900 kabla sijafungua mdomo. Nilipoufungua ikawa 26,500. Ukiona muuzaji anapunguza hivyo ujue kuna kitu kinamwuma, na kinachomwuma ni riba. Magari yanayojaa yadini wameyachukua kwa mkopo, na kila siku linapolala moja, riba yake inatembea. Zamani riba ilikuwa ndogo, hawakujali. Benki kuu ilipoipandisha 2022 na 2023, gari lililokaa likawa mzigo wa kweli.

Unakumbuka Kibwana alivyonunua la kwake 2021? Chipu zimeadimika, viwanda vinasimama, yadi tupu unaweza kuchezea mpira. Alilipa zaidi ya bei ya dirishani na akashukuru kupata. Sasa geuza. Mwezi wa tisa wauzaji wa Jeep, Dodge, Ram na Chrysler walimwandikia mkubwa wa Stellantis, kampuni inayotengeneza magari hayo yote, barua ya wazi wakimlaumu kwa mambo yalivyowaharibikia, yadi zimewajaa magari. Tarehe 1 mwezi huu mkubwa huyo, Carlos Tavares, kajiuzulu. Toyota hazilali, nakubali kabla hujasema. Ndiyo maana kila nikiulizia wananiambia bei ni hiyohiyo, usipoitaka yuko mwingine nyuma yako.

Mama Rashid ana swali moja tu, ananiuliza asubuhi na jioni: "Kama ni zuri, mbona halikuondoka?" Nimemwambia ni rangi. Limepakwa rangi ya achari ya embe, na sizidishi. Tena linavuta kwa mbele tu, na watu wa huku kwenye theluji wanataka fowili. Injini hakuna aliyeikataa. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Sawa, lakini mbona halikuondoka?"

Na mimi mwenyewe, Mbarouk, swali linanirudia kwa sababu ya mambo mawili. La kwanza, siku niliyokwenda halikuwaka. Hata taa ya ndani haikuwaka. Kijana akaleta kikasha cha kubusti, likawaka mara moja, muuzaji akasema ni kawaida, betri imeshuka tu. Imeshuka mara ngapi tangu 2023? Hilo hakujibu. Diski za breki zilikuwa na kutu nyekundu, hatua za kwanza zikakwaruza, baada ya kona mbili zikanyamaza. Kutu hainisumbui, hata gari langu likilala na mvua inaota.

La pili ndilo baya. Nilifungua kisanduku cha mbele ya abiria, nikachomoa chujio la hewa ya ndani. Majani makavu, tishu zilizotafunwa, na maganda ya mbegu yamepangwa pembeni kwa adabu kabisa. Panya! Alikaa, akala, pengine na kulea akalea. Muuzaji akacheka, akasema wanaingia hata kwenye ya 2025. Huenda ni kweli. Lakini mtu aliyetafuna chujio ameishia hapo, au ameonja na waya?

Waranti ni miaka mitatu au maili 36,000, na inaanza siku gari linapokabidhiwa kwa mnunuzi wa kwanza, siyo siku lilipotoka kiwandani. Hapo pazuri. Ila kuna mchezo: yadi ikilifanya la kuwajaribisha wateja, au la kuwaazima walioleta magari gereji, au ikiripoti kiwandani kwamba limeuzwa ili ipate bonasi ya mwezi, saa inakuwa imeshaanza kuhesabu na wewe hujui. Maili 41 hazioneshi hivyo, lakini nikataka waniandikie tarehe kwenye karatasi. "Meneja anakuja." Meneja hakuja. Nikaaga.

Kasoro za kiwandani nimeangalia mwenyewe, nimeingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya NHTSA, wale wasimamizi wa usalama wa magari huku, hakuna kitu. Na gari jipya lenye kasoro iliyotangazwa sheria hairuhusu likabidhiwe kabla halijarekebishwa, kwa hiyo hapo hata meneja asipokuja sina wasiwasi.

Kibwana anasema nimekawia, dola 6,900 zimedondoka chini nishindwe kuziokota? Sikubaliani naye. Ukiwa mtu wa kuuza gari baada ya miaka mitatu, punguzo hilo hulipati, unalishika tu kwa muda. Atakayelinunua gari kwako naye atasoma 2023, na punguzo hilo atakukata wewe. Likigongwa likafa, bima kubwa italipa bei ya la 2023, haitauliza nimelichukua lini. Kitu cha kulinganisha ni bei ya la 2025, maana bodi ni ileile, injini ileile, wamebadilisha kioo cha dashibodi na kuongeza rangi mbili. Mimi magari siuzi. Corolla ile unajua ilivyoniishia, milango mitatu ndiyo ilikuwa inafunguka. Kwa mtu kama mimi gari lililolala lina faida, mradi kulala kwenyewe hakukuliharibu, na hapo narudi palepale kwenye betri na panya.

Nilisahau: walitaka kuniuzia pia dawa ya kulinda rangi kwa dola 900. Rangi ile, nani ailinde? Na naitrojeni ya kujaza matairi. Hewa ya bure ina naitrojeni asilimia 78, nikamwambia hiyo inanitosha.

Nia yangu ni kurudi siku mbili tatu kabla ya tarehe 31, wakati wanahangaikia hesabu za kufunga mwaka. Niwaambie 25,500, betri mpya, oili na chujio vibadilishwe mbele yangu, fundi wao apite waya zote chini na juu, na tarehe ya waranti iandikwe. Wakikataa moja ya hayo naondoka. Mama Rashid anaombea wakatae yote.

Sasa nijibu, na tafadhali usinijibu kwa neno moja. Betri iliyokufa kabisa mara kadhaa, ikichajiwa inarudi au inadanganya? Tairi lililosimama sehemu moja muda wote ule, ule ubapa unaondoka ukitembea au utanitetemesha usukani hadi mwisho? Matairi ya wiki ya nane 2023 ungeyakubali kwa bei ya gari jipya? Petroli ya zamani iliyobaki tangini niimwage au nijaze mpya juu yake? Na kuhusu panya, fundi akitaka kujua kama waya zimeguswa anaanzia wapi, chini ya injini au nyuma ya dashibodi? Kuna harufu?

Na wewe huko? Bati za Pongwe zimefika, au yule bwana bado anasema ziko njiani? Shaaban amekurudishia jeki? Posa ya Mwanaidi imeishia wapi, maana kila mtu ananieleza kivyake? Hizo laki tano za Hamza ni za nini hasa, au hata yeye hajui? Nitumie sauti ndefu kabla ya tarehe 27, nitaisikiliza zamu ya usiku.

Nisalimie wote, na Bi Mkubwa mwambie dawa ya kuchua nimeipata, itakuja na Kibwana.

Wako,
Salim